Sakafu ya Fundi Nyoosha

Fundi Nyoosha hakuwa mtu wa kuambiwa kitu chake kimepinda. Miaka thelathini na ushee amewajengea watu nyumba, na jina hilo alipewa na vibarua waliochoka kubomolewa ukuta kwa kosa la unene wa ukucha. Nyumba yake mwenyewe aliijenga mwisho. Sasa ilibaki kuipandishia ghorofa, vyumba viwili tu, ili binti yake aliyeachika arudi nyumbani na watoto wake watatu. Mwezi ujao wanahama, na hawana pengine pa kwenda.

Droni ilikuwa mchezo wake wa uzeeni, kaiunga mwenyewe kipande kwa kipande. Wajukuu walitaka picha ya pale juu patakapokuwa kwao. Basi Jumamosi asubuhi akakaa sebuleni kufunga kile kishikio chenye vimota, kinachoituliza kamera hata droni ikiyumba. Nyaya zake nyembamba kama uzi wa kushonea, na vidole vya mwashi unavijua. Alichomea waya mmoja, ukakatika, akachomea tena, akaunguza kidole gumba. Mwishowe vimota vikanguruma.

Kishikio hicho kina sharti moja: ukikiwasha, droni iwe imekaa mahali palipo sawa, maana hapo ndipo kinapojifunzia usawa. Fundi akaiweka katikati ya sakafu. Wapi tena kama si hapo? Lakini alipoirusha uani, picha kwenye simu ikaja imelala kushoto.

Akadhani amekosea nyaya. Akazifumua, akazichomea upya. Imelala. Akalegeza skrubu zote nne, akazikaza. Imelala vilevile. Chakula kikapoa mezani.

Mkewe akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Si uipime hiyo sakafu?"

"Mama watoto, sakafu hii nimeimwaga mimi."

"Najua. Ipime."

Akamtazama kama mtu aliyetukanwa mbele za watu. Pimamaji akaichukua, ili tu amnyamazishe. Akailaza chini. Kipovu ndani ya kioo chake kikakimbilia upande ulio juu, wa mlango wa mbele, kikaganda huko. Akaigeuza pimamaji, labda imeharibika. Kikarudi upande uleule.

"Ilikuwa sawa," akasema kwa sauti ndogo. "Nilipoimwaga ilikuwa sawa."

"Ilikuwa sawa, baba watoto. Nyumba ndiyo inayozama kule nyuma."

Mkewe akampeleka chumba cha nyuma, wakasogeza kabati. Mguu mmoja wa kabati ulikuwa umekalia vipande vitatu vya vigae, na ukutani palikuwa na ufa wa kuingia kidole. Kila baada ya mvua kubwa milango ya kabati ilianza kujifungua yenyewe, naye mama watoto akaongeza kipande. Miaka miwili.

"Na hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi, na wewe ulivyo?"

Fundi akakaa kitandani. Nyumba ingekuwa ya mwingine angejua la kusema: usithubutu kuongeza hata tofali moja juu. Amewaambia wengi hivyo, bila huruma, huku akikunja kamba yake ya kupimia na kuondoka. Ukuta ukipinda unaubomoa. Ardhi unaifanya nini?

Akafanya alichokiweza. Akachukua ubao, akauwekea karatasi chini mpaka kipovu kikatulia katikati, akaiwasha droni hapo, akairusha. Kazi nzuri kweli. Picha ilitulia, upeo wa macho umenyooka kabisa. Na katikati yake nyumba imeinamia nyuma, paa linateremka, hata mtoto angeliona.

Simu ikalia. Ujumbe wa binti: "Baba, picha iko wapi? Hapa wanagombania nani alale dirishani."

Fundi akaona heri binti ajionee mwenyewe, akaituma ile picha. Jibu halikukawia.

"Imetoka vizuri, ila kamera yako inapinda. Jaribu tena baba, tunasubiri."

Mkewe aliusoma ujumbe begani kwake. Fundi akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Sawa mwanangu. Nitajaribu tena."