Mwalimu Aliyecheza Mbali na Meza

Klabu ya watumishi pale Kigoma ilikuwa na meza moja tu ya mpira wa meza, na karibu kila aliyeizunguka alikuwa ametoka mkoa mwingine. Mimi nilitoka Morogoro na shahada yangu, nikaajiriwa na shirika lililohudumia wakimbizi. Daktari wa mifugo alitoka Moshi. Katibu wa klabu, ofisa wa serikali mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusomewa ripoti, alitoka Tanga. Wenyeji walikuja kututazama kidogo, wakachoka, wakaenda zao mwaloni, kwenye boti za samaki.

Ilikuwa miaka ile ambayo boti zilifika Kagunga kutoka Burundi zimejaa watu na magodoro, na mji mzima ukajifunza kumtazama mtu mara mbili. Mtu akinunua dagaa wengi, anampelekea nani? Akikaa kimya barazani, anaficha lafudhi gani? Tulishuku kwa bidii, kama watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Mimi, kwa kuwa nilikuwa msomi, nilishuku kwa hoja.

Mkoa ukapewa nafasi moja ya kupeleka mchezaji Tabora kwenye mashindano ya kanda. Mchezaji huyo angepewa fulana ya bluu iliyoandikwa KIGOMA mgongoni. Mashindano ya kumpata yalitangazwa kuwa ya wazi, lakini sisi wanaklabu tulijua ni ya daktari. Daktari alipiga mpira kama anavyomchoma sindano fahali: mara moja, kwa nguvu, kabla mgonjwa hajajua kinachoendelea. Seti ilikwenda hadi pointi ishirini na moja, na hakuna kati yetu aliyewahi kufikisha ishirini mbele yake. Mimi nilikuwa mwamuzi, cheo wanachopewa watu wanaoupenda mchezo usiowapenda.

Siku ya mashindano akatokea mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kalinzi, mwembamba, viatu vina vumbi la mlimani. Kibao chake kilikuwa kimefungwa kwenye kipande cha kanga. Upande mmoja raba yake ilikuwa laini kama ya kila mtu. Upande wa pili ilikuwa ya zamani, vipele vyake virefu vikitazama nje. Kwa desturi ya mchezo, wapinzani huonyeshana vibao kabla ya kuanza. Daktari alikitazama kile cha mwalimu, akatabasamu, akakirudisha.

Mwalimu hakuwa mnyenyekevu hata chembe. “Daktari,” alisema akijinyoosha mgongo, “leo utaokota mipira mpaka ng'ombe wakuonee huruma.”

Halafu akafanya jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Badala ya kusimama karibu na meza kama sisi, alirudi nyuma, nyuma, hadi karibu na mlango, akasubiri. Daktari akapiga. Mpira ulikwenda kwa kasi, ukashuka kuelekea sakafuni, na pale tulipodhani umekwisha, mwalimu akaukata chini kwa chini kama anayefyeka majani. Ukarudi polepole, unaelea, unaonekana wa bure. Daktari akaupiga tena kwa nguvu. Ukaingia kwenye wavu.

Ilinichukua seti nzima kuelewa, na mimi ndiye niliyekuwa mwamuzi. Mpira uliokatwa unazunguka kinyumenyume. Ukiupiga kama mpira wa kawaida unazama. Ukijifunza kuuinua, mwalimu anakigeuza kibao mkononi na kuupokea kwa vile vipele, na vipele havitoi kitu chao: vinakurudishia mzunguko wako mwenyewe, umegeuzwa. Kadiri daktari alivyotia nguvu ndivyo alivyojitengenezea matatizo. Alikuwa anacheza na daktari mwingine, yaani yeye mwenyewe. Alifungwa seti mbili mfululizo, akakaa kwenye benchi akiutazama mkono wake kama mnyama aliyekataa dawa.

Katibu akaja kukichukua kile kibao. Akakikwaruza kwa ukucha, akakinusa.

“Kimepakwa nini?”

“Chaki,” mwalimu alisema. “Na miaka.”

Hapo ndipo ilipozaliwa nadharia. Katibu alinivuta pembeni akanieleza kwamba amekwisha kuzunguka mikoa mingi, na hakuna Mtanzania anayecheza kwa kurudi nyuma. Sisi ni watu wa kushambulia. Mchezo ule, kwa maoni yake, ulitoka ng'ambo ya mpaka, na aliyekuwa nao naye alitoka huko huko. Nilitikisa kichwa kwa namna ya wasomi, yaani bila mtu kujua kama nimekubali. Lakini jioni nzima nilijikuta nikiyapima maneno ya mwalimu, namna alivyokuwa akiyaburuza, kana kwamba Kiha changu, lugha ya wenyeji, kilitosha kunieleza tofauti yake na Kirundi. Sikuwa na Kiha. Nilikuwa na salamu mbili na jina la samaki.

Fulana ikazuiliwa hadi kamati ya klabu ijiridhishe na asili yake.

Mwalimu alinikuta nje nikifunga baiskeli, akaniuliza, bila kuzunguka, kama ile fulana ipo kweli au ni maneno tu. Nilimwambia ipo, nimeiona ofisini kwa katibu. Akaniambia anaitaka kuliko safari yenyewe. Kila anaposhuka mjini kutoka Kalinzi, alisema, kwenye kizuizi cha barabara ya Manyovu wanamteremsha garini na kumuuliza jina la babu yake, kisha la baba wa babu, na akiwataja wote wanamwambia amekariri vizuri sana.

“Nikiwa na Kigoma mgongoni,” alisema, “nani ataniuliza natoka wapi?”

Nilimuuliza basi amejifunzia wapi kucheza vile. Naye akanieleza habari ya meza ya saruji iliyo nyuma ya shule yao, juu kwenye ukingo, chini yake mteremko wa mikahawa. Shule nzima ilikuwa na mpira mmoja. Aliyepiga kwa nguvu ukaporomoka, aliteremka kuutafuta kwenye mikahawa, na akiukosa mchezo wa shule nzima ulikuwa umekwisha na lawama ni zake. Kwa hiyo hakuna aliyepiga kwa nguvu. Na aliyesimama upande wa mteremko alirudi nyuma kabisa, akacheza kama golikipa wa bonde.

Maelezo yalikuwa mazuri mno. Nikayashuku.

Katibu akaja na jaribio. Ofisini kwetu kulikuwa na mkalimani, mkimbizi mwenye kibali cha kukaa mjini, ambaye zamani alichezea klabu moja ya Bujumbura. Hoja ya katibu ilikuwa kwamba watu wa shule moja watatambuana mezani. Tukawapanga wacheze, sisi tumekaa ukutani kama baraza la mtihani.

Mkalimani alimsalimu kwa Kirundi, mwalimu akajibu kwa Kiha, lugha ndugu, wakaelewana, wakacheka jambo fulani. Katibu akanikanyaga mguu. Halafu mkalimani akamfunga mwalimu vibaya sana. Hakupiga kwa nguvu hata mara moja. Alimsukumia mipira mitupu, isiyo na mzunguko wowote, hivyo vipele vikakosa cha kurudisha. Mara mpira mrefu, mara mfupi wa kuanguka karibu na wavu, na mwalimu akawa anakimbia kutoka mlangoni hadi mezani na kurudi, jasho likimtoka, matusi yake yote yameisha.

“Umeona?” katibu alininong'oneza. “Amejifungisha makusudi.”

“Na kama angeshinda?”

“Ningejua wamepanga.”

“Sasa ameshindwa.”

“Wamepanga vizuri.”

Kilichonitatiza ni kwamba yule mkalimani alikuwa akifungwa na daktari kila Jumamosi, tena bila taabu: mipira yake mitupu ndiyo daktari aliyoipenda kuichoma sindano. Kwa hiyo daktari anamfunga mkalimani, mkalimani anamfunga mwalimu, mwalimu anamfunga daktari. Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Tulizoea kudhani wachezaji wamepangwa kama ngazi, na aliye juu akianguka lazima mtu ameshika mguu wa ngazi. Kumbe ilikuwa duara, na aliyeanguka alikuwa amekutana tu na mtu aliyetengenezwa kwa ajili yake. Nilimweleza katibu. Akasema chuo kikuu kimeniharibu.

Daktari ndiye aliyemaliza ubishi. Hakutaka kwenda Tabora kwa mlango wa uani, akadai mechi ya marudiano: atakayeshinda avae fulana, basi. Mwalimu akakubali papo hapo. Wiki hiyo nilimwona daktari mara mbili akiwa na mkalimani kwenye chai, wakisogeza vikombe mezani, kimoja mbali, kimoja karibu. Nikaelewa.

Marudiano yalifanyika mchana wa joto, milango wazi, ziwa linametameta chini. Daktari alianza kwa kusukuma. Polepole, mipira mitupu, mirefu, mifupi, kama alivyofundishwa. Alishinda seti ya kwanza. Mwalimu alikuwa amekauka midomo, na mara moja nilimwona akitazama meza ya katibu, ambako fulana ilikuwa imekunjwa, herufi zikiwa juu.

Seti ya pili daktari aliongoza tena. Ndipo nikauona mkono wake. Ulikuwa ukisukuma, lakini bega lilikuwa linachoka na adabu. Mtu aliyeishi kwa kuchoma sindano hawezi kubembeleza fahali mchana kutwa. Mwalimu naye aliliona lile bega. Akamtumia mpira mmoja wa juu, mzembe, unaoomba kupigwa. Mkalimani, aliyekaa nasi ukutani, alifumba macho. Daktari akaupiga kwa nguvu zake zote, ukaingia, sote tukapiga makofi, na mechi ikawa imekwisha pale pale, kwa sababu baada ya pointi ile tamu hakuweza tena kurudi kwenye kusukuma. Alipiga, akazamisha, akapiga, akazamisha. Seti ya tatu haikuwa na la kusimulia.

Katibu aliitoa fulana bila kumtazama usoni. Mwalimu aliivaa hapo hapo, juu ya shati lake lililolowa.

Siku ya treni hakutokea stesheni. Tulimsubiri hadi filimbi, kisha daktari akapanda badala yake, na shati lake la kazini. Alirudi amefungwa mechi ya kwanza, hakutaka kusema na nani wala kwa mchezo gani. Nilikuwa na dhana yangu. Katibu naye alikuwa na yake: mtu amekimbia na mali ya mkoa.

Baadaye kazi ilinipeleka barabara ya Manyovu. Kwenye kizuizi, mbele ya gari letu, kulikuwa na pikapu, abiria wake wote wameteremshwa na kupangwa pembeni. Wote isipokuwa mmoja. Mwalimu alikuwa ameketi juu ya magunia, fulana ya bluu imeanza kupauka, mgongo kwa askari.

“Mwalimu, Tabora vipi?” askari aliuliza.

“Tumefungwa, afande. Lakini walitoka jasho.”

Askari akacheka, akagonga bodi ya pikapu ipite. Kisha akaja kwetu, akaomba kitambulisho changu. Akakisoma mbele, akakisoma nyuma, akanitazama.

“Morogoro,” alisema. “Morogoro ya wapi?”