Karafuu Zilizokataa Kukauka

Karafuu iliyokauka vizuri ukiivunja inalia: ta! Juzi nilikuwa jikoni nikitia viungo vya pilau, nikavunja moja bila kufikiri, na mlio ule ukanirudisha Kengeja, kwenye kiwanja cha mpira cha kijijini kwetu.

Kiwanja kile kilikuwa cha wanaume, wala hapakuhitajika mtu wa kutwambia. Sisi watoto wa kike tulikizunguka tukitoka kisimani, hata kikiwa kitupu, ndoo kichwani na maji yakituchuruzika shingoni. Msimu wa karafuu tu ndipo mambo yalipogeuka. Mama zetu walitandika majamvi nusu ya kiwanja, wavulana wakakosa pa kuchezea, nasi tukawekwa tufukuze mbuzi. Kwenye nusu iliyobaki tukacheza mpira wa matambara. Mimi nilikuwa golikipa, na msinicheke, nilikuwa hodari kweli.

Siku ya nne kaka yangu Hamadi, nahodha wa wavulana, alimjia mama kanuna.

"Mama, si kavu hizo? Zianueni basi, twataka kiwanja chetu."

Mama aliokota karafuu moja, akaivunja. Ta! Niliisikia nikiwa golini. Nilijua mchezo wetu umekwisha.

"Mbichi bado, mwanangu," alisema mama. "Zataka jua."

Hamadi alirudi siku ya tano, na ya sita. Kila mara mama alivunja, kila mara ikalia, na jibu likawa lile lile. Nilimwonea huruma, nikidhani masikio yameanza kumwangusha. Sisi hakututazama hata kidogo. Alikaa ametugeuzia mgongo, uso njiani, na mpita njia akiuliza kelele zile ni za nini, alijibiwa kwamba watoto wanafukuza mbuzi.

Siku ya saba wingu lilitanda, karafuu zikaanuliwa mbio, nasi tukarudi kuzunguka kiwanja na ndoo zetu.

Mama alianika karafuu tangu hajaolewa. Mlio ule aliusikia vizuri kuliko sisi sote, na mimi nimelifahamu hilo juzi tu, yeye kashatangulia mbele ya haki. Nililia pale jikoni, sikuona haya. Kisha nikakumbuka jambo jingine: siku zile zote saba, akija asubuhi, hakuzunguka. Alikatisha kiwanja katikati, mikono mitupu, taratibu, kama mtu asiyetaka kufika.