Kilichotiwa Kwenye Tangi la Jagoda

Rosanda hakutaka mtu amguse Jagoda. Kama ulikuwa na hamu ya kugombana naye, ungeegemeza kiwiko tu juu ya boneti la kile kigari chake chekundu huku ukipiga soga, ungeyaona yako. Jagoda maana yake stroberi, na jina hilo alimpa yeye mwenyewe siku aliyomnunua kwa mshahara wa kushona mashati kiwandani. Marehemu mumewe alisema mwanamke wa miaka arobaini anajifunza udereva ili iweje. Iweje? Ili yeye mume apelekwe hospitali, sokoni, kuvua samaki na kwenye mazishi ya ndugu zake wote, ndivyo ilivyokuwa! Na asante hakuitoa hata siku moja. Alikaa kiti cha pembeni ameshika mlango kwa mikono miwili.

Kwetu Jumamosi asubuhi watu huosha magari nyuma ya maghorofa, penye zile gereji za bati. Kuosha ni kisingizio. Kazi yenyewe ni kubishana, na hakuna ubishi mtamu kama wa petroli. Rosanda alikuwa mwanamke pekee pale, na sauti yake ilisikika mpaka ghorofa ya nne.

"Petroli ni dawa," alikuwa akisema Vitomir, mfamasia mstaafu, mtu wa miwani na tai hata akishika ndoo. "Ya bei rahisi inakuponya leo, kesho inakuua. Mimi petroli ya okteni mia, ile kali na ghali kuliko zote, basi. Gari langu halijawahi kukohoa."

"Litakohoaje na halitoki gereji?" akajibu Rosanda. "Wewe unaliosha tu kama maiti."

Radojko, aliyeendesha malori mpaka magoti yakamgomea, hakuamini okteni ya mia wala ya tisini na nane. Kwake hizo zilikuwa hadithi za kuwauzia watu wenye tai. Yeye aliamini naftalini, vile vidonge vyeupe vinavyonuka, vinavyowekwa kabatini kufukuza nondo. Zamani, petroli ilipokuwa mbovu, madereva walivitumbukiza kwenye tangi na injini ikachangamka. Ukimwambia mambo yamebadilika, anakutazama kwa huruma.

Rosanda msimamo wake ulikuwa mmoja. Kitabu cha gari kimeandika tisini na tano, basi Jagoda anakunywa tisini na tano. Okteni ambayo injini haikuiomba ni kumvisha mbuzi koti. Cha maana ni kuchungulia oili kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani, na hilo alilifanya, akifuta kijiti kwa fulana za zamani za mumewe. Upepo wa matairi, plagi safi, mguu mwepesi. Na kwa mguu wake mwepesi, aliapa, Jagoda alikula lita sita kwa kilomita mia.

"Sita!" Radojko alikuwa akipiga kelele kila Jumamosi, kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia. "Sita za kunusa au za kunywa?"

"Panda twende Čačak na kurudi, upime mwenyewe."

"Nipande na wewe? Mimi nina wajukuu, dada yangu."

Wanacheka mpaka wanamwaga maji ya ndoo. Halafu Radojko anamletea chupa ya rakija yake, pombe kali ya plamu anayoipika mwenyewe, Vitomir anamwazima kipimo cha upepo, na Jumamosi nyingine wanaanza upya.

Sasa, mjukuu wa Rosanda, Kosara, alipokuwa mdogo alikuwa akilala kiti cha nyuma cha Jagoda kila bibi yake akimrudisha kutoka chekechea. Akaahidi huko huko kwenye kiti cha nyuma kwamba siku ya kuolewa atapelekwa kanisani na Jagoda. Watoto wanaahidi mengi. Lakini Kosara alikuwa na kichwa kigumu cha bibi yake, na alipopata mchumba, kitu cha kwanza alichosema, kabla hata ya gauni, kilikuwa hicho.

Baba yake, Ljubiša, alishika kichwa. Alikuwa ameshaagiza gari jeupe la kukodi, refu kama kibaraza. Ljubiša ni mtoto pekee wa Rosanda, mtu wa ofisini Belgrade, na kwa miaka kadhaa wimbo wake ulikuwa mmoja: mama, uza hicho kibati. Alikuwa anaogopa. Kila simu ikilia jioni alidhani ni kuhusu mama yake na mtaro. Lakini hofu hakuisema, alisema kibati, na mama yake akawa anasikia kibati.

"Kanisa liko juu ya kilima, mama. Barabara imesimama wima. Watu mia mbili nyuma yenu. Hicho kikizima?"

"Hakizimi."

"Na kikizima?"

"Hakizimi, nimesema!"

"Basi tukubaliane hivi," akasema Ljubiša, masikio yamemwiva, kwa maana yeye tangu utotoni masikio yake humsaliti. "Kikizima njiani, hata mara moja, Jumatatu mtu wa vyuma chakavu anakuja kukibeba. Bila machozi."

Rosanda akampa mkono palepale mbele ya Kosara. Usiku ule hakulala vizuri. Bila Jagoda angekwenda wapi? Angekaa dirishani na kungoja mtu ampe lifti ya huruma. Aliwaona wenzake wa kiwandani waliouza magari yao, namna walivyoanza kuomba ruhusa ya kwenda hata dukani. Hapana bwana. Bora afe anaendesha, alisema kwa sauti, halafu akagonga mbao za kitanda kufukuza nuksi, asije akasikika.

Ijumaa alimpamba. Akamwosha, akampaka nta, akabadilisha plagi na oili, akajaza tangi tisini na tano karibu mpaka mdomoni. Wanawake wa jengo wakaja kufunga taulo jeupe la kutarizi kwenye kioo cha pembeni na vishada vya rosemari kwenye waipa. Mchana kutwa gereji ilikuwa wazi, watu wanaingia na kutoka, huyu na utepe, yule na keki. Rosanda alikuwa jikoni anakunja sarma, nyama na wali ndani ya majani ya kabichi, sufuria moja baada ya nyingine, wala hakukaa kulinda. Nani angemdhuru Jagoda? Pale wote ni watu wa nyumbani.

Jumamosi jua likatoka kama limealikwa. Bwana harusi akaja na tarumbeta zake, akanyimwa bi harusi, akabembeleza, akatoa pesa, akapewa. Kosara akatoka na gauni lake, akakaa kiti kile kile cha nyuma, kikamtosha kwa shida. Mama yake akalia. Ljubiša akapanda gari jeupe nyuma yao, uso kama anapelekwa mahakamani.

"Twende, bibi," akasema Kosara. "Na usimwangalie baba kwenye kioo."

Rosanda akawasha. Jagoda akaitika mara moja, sauti laini ya cherehani. Honi zikaanza, za Jagoda mbele, za msafara mzima nyuma, na mji mzima ukajua. Wakapita soko, wakapita daraja, wanawake wakitikisa vitambaa madirishani. Rosanda alikuwa anaimba. Ndiyo, anaimba, na sauti hana.

Kilima kikaanza. Akashusha gia mpaka ya pili, kwa upole. Walipofika pale barabara inapoinua pua, Jagoda akakohoa. Akamisi. Akajikaza, akaruka kidogo, akakohoa tena, akazima.

Mungu wangu! Hata tarumbeta zilinyamaza. Rosanda akavuta hendibreki na kubaki ameshika usukani. Akajaribu kuwasha, akajaribu tena. Wapi! Machozi yakamjia na akayakataza, kwa sababu makubaliano yalikuwa bila machozi.

Watu wakashuka. Shangazi mmoja akasema bi harusi ahamie gari jeupe, shangazi mwingine akamtolea macho: bi harusi akishatoka kwao hageuki nyuma wala habadilishi gari, unataka nuksi? Kosara akakata shauri kwa kufunga mlango kutoka ndani.

"Mimi nitafika na Jagoda," akasema kupitia dirishani. "Hata keshokutwa."

Radojko akavua koti, akafungua boneti. Vitomir akaja na tai yake, akachungulia, akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa amegeuka rangi.

"Dada Rosanda," akasema polepole, "pengine ni mimi. Jana nilitia kichupa cha dawa. Ya kuongeza okteni. Kwa ajili ya kilima tu! Nilisema na tisini na tano yake hii, hatapanda."

"Ulitia nini?!"

"Kichupa kidogo."

"Umeingia gereji yangu ukamtia dawa mgonjwa ambaye haumwi?"

Radojko akakohoa. "Usimpigie kelele yeye peke yake," akasema, macho ndani ya injini. "Na mimi nilitia naftalini. Chache. Kiganja."

Kicheko kikaanzia kwa mpiga tarumbeta mmoja, kikasambaa mpaka magari ya mwisho, watu wakiambizana kwa nyuma kilichosemwa. Rosanda peke yake hakucheka. Alikuwa anatafuta kitu cha kuwarushia.

"Lakini hivyo haviwezi kuzima gari," akasema Radojko kwa kujitetea. "Ngoja." Akaomba gilasi, akalegeza kabureta, akakinga kilichomo ndani. Akainua gilasi kwenye jua. Juu kulikuwa na petroli kidogo, na chini yake maji, yamejitenga kabisa. "Maji! Yalikuwa chini ya tangi, mlimani yakaingia kwenye bomba." Akanusa. Akanusa tena, na uso wake ukabadilika, akawa kama mtu aliyemkuta mwanawe mahali pasipofaa. "Inanuka plamu. Jamani, hii ni rakija yangu!"

"Mwuaji!" akasema Rosanda.

"Mimi? Mimi nimwage rakija kwenye gari?" Radojko aliumia kweli. "Mwulize mtu yeyote hapa. Mimi tone likianguka mezani nalilamba! Na hii ni ile laini, inayotoka mwisho wa kupika, nusu yake maji, niliyoitenga kwa ajili ya mabibi wa harusi. Aliyechota hii hajui rakija. Huyu ni mtu wa mjini."

Hapo Rosanda akageuka. Hakumtafuta mtu, alitafuta masikio. Na pale pembeni ya gari jeupe, ndani ya suti ya kijivu, kulikuwa na masikio mawili mekundu kuliko Jagoda mwenyewe.

"Ljubiša," akasema.

"Mama."

"Mwanangu. Umenihujumu?"

"Hapana! Mama, hapana." Ljubiša akaja mbele, mtu mzima yule, akaungama mbele ya wageni wote. "Nilimkumbuka baba. Wakati wa baridi alikuwa anatia kikombe kwenye tangi, anasema kinakausha unyevu, gari haligomi. Nikasema nitie chupa nzima ili lisigome kabisa. Nilichota gizani huko stoo, kwenye pombe za harusi, sikujua kuna laini na kali."

"Lakini wewe ulitaka lizime. Ulisema mwenyewe, vyuma chakavu."

"Nilisema kwa mdomo tu. Nilitaka ufike, mama. Sijawahi kutaka kitu hivyo. Sikulala nikiwaza utakavyoona haya mbele za watu."

Rosanda alimtazama. Miaka yote ile alisikia kibati, kibati, na leo ndiyo alisikia kilichokuwa nyuma yake. Akamvuta kwa tai, akambusu sikio moja, lile lililokuwa jekundu zaidi, na kumpiga kofi jepesi la kichwani, vyote kwa pamoja.

"Mpumbavu wangu," akasema. "Vua koti."

"Koti la nini?"

"Utasukuma. Nyie watatu mtasukuma. Mfamasia, mtu wa nondo, na mtu wa rakija. Kila aliyemnywesha Jagoda aje nyuma!"

Na wakaja. Tena haikuwa watatu tu, wakajitokeza vijana, mashangazi wakavua viatu virefu, bwana harusi mwenyewe akashika taa ya nyuma ingawa aliambiwa si vizuri. Rosanda akarudi kwenye usukani, akaachia hendibreki. Tarumbeta zikalipuka, wapigaji wakitangulia kinyumenyume ili wasikose kuona. Kosara alikuwa ametoa kichwa na shela nje ya dirisha, akipiga kelele, "Sukuma, baba! Sukuma!" na kucheka mpaka wanja ukamchuruzika. Rosanda alibonyeza honi njia nzima. Alilia sasa, waziwazi, maana hata makubaliano yalikuwa yameshakwenda na maji.

Padri alikuwa anangoja getini na msalaba wake. Alitazama kile kigari kikiingia kwa miguu ya watu, kimejaa maua, hakitoi hata moshi.

"Dada Rosanda," akasema, "kumbe ni kweli kinakula kidogo."

"Leo hata sita hakuna, baba padri! Sifuri kwa kilomita mia!" Akamgeukia Radojko, aliyekuwa amejilaza juu ya nyasi, hoi. "Umepima mwenyewe?"

"Nimepima," akasema Radojko kwa pumzi ya mwisho. "Nakiri."

Ljubiša alikuwa bado ameinama, mikono juu ya buti la gari, shati limegandana na mgongo, suruali imechanika gotini. Rosanda akashuka, akazunguka taratibu, akasimama karibu naye. Hakumkataza kumwegemea Jagoda.

"Amezima njiani," akamwambia. "Mkono nilikupa. Basi Jumatatu yule mtu wa vyuma chakavu aje?"

Ljubiša akainua kichwa, jasho linamtiririka mpaka kwenye yale masikio.

"Aje," akasema. "Anibebe mimi."