Harufu ya Gongo Kwenye Kiti cha Meno

Mimi ni tabibu wa meno hapa Tarime, na tangu juzi sijui uso wangu niuweke wapi. Mzee mmoja wa Nyarero alikuja shavu limevimba. Nikamwamkia, nikavaa barakoa, nikainama kinywani mwake. Gongo ikanipiga puani! Nikamfokea mbele ya foleni nzima: "Mzee, walevi siwagusi. Nenda ukalale, pombe ikutoke."

Kesho yake akarudi na harufu ileile, nikamfukuza tena. Siku ya tatu uvimbe ulikuwa umeteremka shingoni. Akasema taratibu: "Mwanangu, mimi ni Msabato, pombe sijawahi kuonja. Hebu vua hiyo barakoa."

Nikaivua, nikainama tena. Kinywa chake kilinuka usaha tu. Nesi wangu akatazama chini. Chupa yangu ya gongo ya kila asubuhi aliijua siku nyingi.