Ivonne na Mchinjaji Aliyefungwa Bure

Ivonne Gandolfi anauza magazeti chini ya baraza za mtaa wa San Vitale, hapa Bologna, na kitabu cha upelelezi hakiuzi kabla hajakisoma mwenyewe. Akikimaliza hukata ukanda wa karatasi, huandika maoni yake, akaubana kwenye jalada kwa kibanio cha nguo. "Muuaji nilimjua ukurasa wa thelathini. Kinafaa safari ya treni, isiwe ndefu." Au: "Huyu mwandishi hajawahi kuona maiti, wala jiko." Watu husoma vibanio kwanza, vitabu baadaye. Duka langu la tambi limepakana na kibanda chake. Mimi shule niliishia darasa la tano, na karibu yote niyajuayo kuhusu mauaji nimeyapata kwa Ivonne.

Kila Alhamisi mchana, maduka ya chakula yakifungwa, tulikuwa tukicheza karata za taroki mkahawani kwa Zelinda. Najua kwingine karata hizo ni za kutabiria. Watabiri, shauri yao, sisi tunachezea. Watu wanne, wawili kwa wawili: mimi na Zelinda, Ivonne na Ermes fundi viatu. Kwa miaka kumi na tisa Ivonne na Ermes walikaa wakitazamana, wakielewana hata kwa kikohozi, wakitufunga watakavyo. Januari Ermes akahamia Rimini kwa bintiye. Tulijaribu kucheza watatu. Ilikuwa kama tortelini, vile vitambi vyetu vya kujazwa nyama, bila supu.

Ivonne akanyauka. Mteja mmoja alimwambia, "Vitabu vyako ghali," naye akajibu, "Samahani." Samahani! Ivonne! Siku hiyo niliacha unga mezani nikaenda kumshika paji la uso.

Mtu wa kukalia kile kiti alikuwepo. Dokta Samaritani, mfamasia wa pale kona, mjane aliyetoka mji wa Ferrara, mpole wa kusalimia hata njiwa. Kila Alhamisi alipita mkahawani akikiangalia kiti cha Ermes kama mtoto anavyoangalia keki dirishani. Alishatuambia kwa aibu kwamba taroki amejifunza mwenyewe nyumbani, jioni. Tukakubaliana: Pasaka ikipita, tunamkaribisha.

Kumbe Dokta alikuwa na jambo jingine la jioni. Miaka minne alikuwa akiandika kitabu cha upelelezi nyuma ya makabati ya dawa. Kikachapwa. Nakala thelathini zikaletwa kwa Ivonne, uzinduzi uwe Jumamosi palepale kibandani.

Zelinda alimwahi Ivonne. "Sikiliza, mwenzangu. Andika 'Kizuri', basi. Neno moja. Ukimchoma kwa huo ulimi wako, kiti tumekikosa."

"Kwani nimesema ni kibaya? Hata sijakifungua."

"Nakujua mimi. Ulimi wako haungoji kufungua."

Alikisoma siku mbili. Nilimtazama kupitia dirisha langu huku nikikunja tortelini. Siku ya kwanza alitikisa kichwa kwa kukubali. Siku ya pili, karibu na saa sita, aliruka kitini na kuja kunigongea kioo kwa kitabu.

"Amemfunga mtu asiye na hatia!"

"Nani?"

"Dokta! Amemfunga mchinjaji!"

Nikamkalisha, akanieleza. Kitabuni wanaume wanne wanacheza taroki kwenye baa. Katika mzunguko wa mwisho mwanasheria anatupa turufu iitwayo Mori, halafu mchinjaji naye anatupa Mori. Umeme unakatika, na uani mtu anapigwa kisu. Mkaguzi anasema Mori wa mwanasheria ndiye mkubwa, kwa hiyo mwanasheria ndiye aliyekula mzunguko, ndiye aliyebaki mezani kukusanya zile karata ambazo wote walizisikia gizani. Wawili wengine walikuwa wakitafuta mshumaa pamoja; aliyekuwa huru kutoka ni mchinjaji. Pingu.

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Turufu zetu zina Wamori wanne wenye vilemba, na hakuna mkubwa kati yao. Wakikutana, wa mwisho kutupwa ndiye anayekula. Mtoto wa hapa analijua hilo kabla ya sala ya chakula.

"Basi mchinjaji ndiye aliyekuwa akikusanya karata," nikasema.

"Na mwanasheria ndiye aliyekuwa uani! Kurasa mia mbili, maandishi mazuri, maiti ya kuaminika, halafu hivi! Msomi mzima kayatoa wapi haya?" Papo hapo akashika shavu. "Paka."

"Paka gani?"

Akanipeleka kibandani, akavuta boksi kutoka chini ya rafu. Karata za taroki zenye picha za paka, kitu cha kuuzia watalii. Malaika ni paka mwenye mabawa, Dunia ni paka juu ya donge la uzi, Shetani ni mbwa. Nilicheka mpaka nikamwaga unga wa aproni yangu kwenye magazeti. Lakini Ivonne alikuwa akinionyesha wale paka wanne wenye vilemba. Kila mmoja kapewa namba, kana kwamba wanazidiana: wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano.

"Nilimuuzia Dokta Februari," akasema. "Sikuzifungua. Sikuandika maoni. Nilikuwa nimechoka na dunia, nikachukua hela tu. Kitu kimoja maishani nimekiuza bila neno, na kimempeleka mchinjaji jela."

"Kwa hiyo utaandika 'Kizuri'?"

"Nilinyamaza mara moja. Ona yaliyotokea."

Jumamosi watu walijaa, divai ikamiminwa, na kwenye nakala ya juu kilikuwepo kibanio. Dokta akakisoma mwenyewe kwa sauti, akitabasamu, maskini: "Kimeandikwa vizuri kuliko vyote vya mwaka huu. Mtu asiyehusika amefungwa. Karata za paka ni za kuchekea, si za kujifunzia; kosa ni la muuzaji." Tabasamu likamganda. Ivonne akamweleza pale pale, taratibu kuliko nilivyowahi kumsikia. Dokta akainamisha kichwa, akashukuru, akavaa kofia, akaondoka na glasi ya watu mkononi.

"Haya," Zelinda akasema. "Umefurahi?"

Ivonne akaanza kupanga vitabu ambavyo tayari vilikuwa vimepangika. Nami nilikuwa na maneno yangu, lakini nikamsaidia kupanga.

Alhamisi tulikaa watatu, tukinywa kahawa kama wafiwa. Mlango ukafunguka. Dokta. Akaweka glasi ya Zelinda juu ya meza, imeoshwa, kisha zile karata za paka.

"Sijalala vizuri," akasema. "Yule mchinjaji."

"Ana watoto watatu," Ivonne akasema. "Ukurasa wa kumi na mbili."

"Najua, signora. Niliwaweka mimi." Akashika mgongo wa kile kiti. "Toleo la pili nataka kumtoa. Lakini kwanza nifundisheni kucheza, nisije nikamfunga mwingine."

"Keti," Ivonne akasema. "Kiti kinakusubiri tangu Januari, na wewe unakizunguka kama paka."

Tulimfundisha kwa karata zetu, zilizochakaa vizuri. Alikosea, akaomba radhi, Ivonne akamfokea, "Usiniombe radhi, tupa!" Masikio yangu yakafurahi, hiyo ndiyo sauti niliyoikosa miezi mitatu. Mzunguko wa mwisho nikatupa Mori wangu kwa kishindo, nikanyoosha mkono kukusanya. Dokta akakohoa. Akamweka Mori wake juu ya wangu, polepole, kwa vidole viwili, kama anayempa mtu dawa.

"Wa mwisho," akasema. "Nisahihishwe kama nimekosea."

Ivonne alicheka hadi watu wa barazani wakachungulia. Tumefungwa kila Alhamisi tangu hapo, mimi na Zelinda. Na nakala thelathini ziliisha kwa siku nne, kwa sababu ya kibanio kipya: "Kinunue, ukisome, kisha njoo nikwambie nani aliua kweli."