Siku Tulipochekea Risasi

Ukumbini mwa parokia tulikuwa wengi, lakini nitawataja wa karibu kwanza. Mimi, Kahindo. Mume wangu Kasereka, fundi mbao. Mdogo wangu Masika, tumbo moja ziwa moja, aliyeniita yaya, yaani dada mkubwa, na aliyekuja kunisaidia kupalilia maharage. Binti yangu Kavira, wa miaka sita. Na Katekista Paluku, mwenye mashine ya sinema.

Ilikuwa Jumapili mchana, kwetu Kivu. Tulikula sombe, mboga ya majani ya muhogo, vyombo nikaviacha bila kuosha ili tuwahi nafasi. Katekista alikuwa na filimu moja tu, ya zamani, ya kuchekesha, ya askari vitani. Alifunika madirisha kwa mablanketi ili giza liingie. Tuliijua yote: askari mnene anakalia sufuria ya uji, sufuria inamganda, anakimbia nayo mbele ya mizinga.

Filimu yenyewe ilikuwa bubu, sauti tuliitia sisi. Kasereka alikaa nyuma ya shuka jeupe la kuonyeshea picha, na debe na vijiti viwili. Kila bunduki ilipotoa moshi, alilipiga. Kusema kweli, watu walikuja kwa ajili ya debe.

Siku ile mlio ulianza mapema, askari wa kwenye shuka bado wanakunywa uji. Tukacheka. Mzee Mbusa akasema fundi kalewa, anapiga vita kabla ya amri. Tukacheka tena.

Masika, aliyeketi kando yangu chini ya dirisha, akasimama.

"Yaya, hilo si debe."

Nikamvuta kitenge. "Keti, Masika. Humjui shemeji yako?"

Akaketi.

Mlio ukaja tena, karibu zaidi. Watoto wakapiga makofi.

Ndipo Kasereka akatoka nyuma ya shuka, akasimama mbele yetu, yule mnene akikimbia juu ya shati lake. Vijiti alikuwa ameviinua kwa mkono mmoja, watu wote wavione.

"Si mimi," akasema.

Blanketi la dirisha letu likaruka.

Kasereka akambeba Kavira, akanishika mkono, tukatokea mlango wa nyuma hadi migombani. Nilimwita Masika mara mbili. Niligeuka mlangoni nikamwona. Alikuwa bado ameketi, kama nilivyomwambia, kichwa kimeegemea ukuta, na kitenge kimeloa damu.

Katekista Paluku ndiye aliyemzika. Mimi kaburi sijaliona. Sisi tulivuka mpaka, na Kasereka akafa kwa homa kambini, mwaka wa pili.

Mwezi uliopita vijana wa kanisa letu hapa Toronto walionyesha sinema ya namna ileile. Sikuimaliza. Nilipanda basi la kurudi Thorncliffe, nikashuka vituo viwili kabla, nikatembea kwenye baridi. Tangu hapo sikai. Naosha sufuria safi. Nashuka na lifti, napanda tena na mikono mitupu. Mjukuu wangu, anayeniita koko, yaani bibi, ananiuliza kwa Kiingereza, koko, unatafuta nini?

Mama yake ndiye Kavira, anayefanya kazi ya kuwatunza wazee wa watu kwenye makao yao. Nilimweleza, akaniketisha kama anavyowaketisha wao.

"Mama, mama mdogo aliketi mwenyewe. Alikuwa anacheka."

Kavira alikuwa safu ya mbele, ametupa mgongo. Angeonaje? Ananionea huruma tu.

Najua waliompiga risasi ndio waliomuua. Sikushika bunduki. Lakini alisikia kabla yetu sote, alikuwa tayari amesimama, na mlango haukuwa mbali.

Sisi wa parokia ile tumetawanyika, wengine mko Mississauga hapo, tunaonana misibani. Nyuma yetu aliketi Mama Biira na wanawe wawili, Muhindo na Kambere. Majina sijakosea. Lakini kama mmoja wenu alimwona Masika akiketi bila kuvutwa, anipigie simu aniambie nimekumbuka vibaya. Sitabisha. Nimeandika haya nikiomba nisahihishwe hapo tu.