Nilijibu "nakubali, ila...", nikakosa nyumba yenye tangi Kitangari

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sikusimuliwa. Anayetaka kucheka acheke, nyumbani kwangu walishaanza.

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alifariki. Nikaacha shule darasa la tatu, nikaanza kubeba maji bondeni kuyapandisha Newala kuuza. Kila nilicho nacho kimetoka kwenye hii shingo. Kwa hiyo sipendi kufundishwa na mtu.

Hapo ndipo nilipoponzeka.

Juzijuzi Mzee Bakari wa Kitangari aliamua kuhamia Masasi kwa mwanawe, akawa anauza nyumba. Nyumba yenyewe bati limechoka. Lakini uani kuna tangi la saruji limechimbiwa chini, linakinga maji ya paa. Wa huku mnaelewa: mnunuzi anakagua tangi kwanza, vyumba baadaye.

Mke wangu, Mama Somoe, magoti yamemwisha kwa ndoo. Bomba la kwetu linatoa hewa. Nilimwahidi hatabeba tena.

(Mtaniuliza mbona sikuchimba langu miaka yote. Ubahili. Tuendelee.)

Mzee Bakari akanitumia meseji: "Nyumba na tangi nakupa kwa bei tuliyoongea. Nijibu kabla ya Ijumaa."

Mwenye akili angejibu neno moja. Mimi nilikuwa nimechungulia lile tangi, nikaona limejaa. Kiangazi kile! Nikajibu:

"Nakubali, ila maji yaliyomo ni yangu. Usichote hata ndoo."

Kimya.

Nikajua tumeshakubaliana. Nikamwambia Mama Somoe afunge vyombo. Akafunga vyote, tukabaki na kikaango kimoja, tunapikia hadi chai.

Alhamisi tukafika Kitangari na pikapu imejaa mizigo. Uani tukamkuta mwalimu wa kike kutoka Tandahimba anaanika nguo. Naye Mzee Bakari alimtumia ofa ileile, akajibu "Nakubali", akalipa siku hiyohiyo.

Wakuu, nilifoka. Nikampeleka Mzee Bakari baraza la kata. Katibu ni binti mdogo, sawa na mjukuu wangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Huyu kaniuzia nyumba, kisha kamuuzia mwingine. Na siku zangu zilikuwa hazijaisha."

"Hebu soma ulivyomjibu."

Nikasoma kwa sauti, kifua mbele. Nilipofika kwenye ndoo, watu kwenye benchi wakaanza kukohoa.

"Babu, hapo hukukubali."

"Neno la kwanza ni lipi hapo?"

"Ni nakubali. Lakini yeye alitoa nyumba na tangi, wewe ukadai na maji. Ofa yake umeiua mwenyewe, ukaleta yako mpya. Ikawa zamu yake kukubali au kukataa."

"Si alinyamaza!"

"Kunyamaza siyo kukubali."

"Binti, kwetu mwali akiulizwa akanyamaza, tunapiga vigelegele."

"Babu, hapa tunazungumzia nyumba."

Mzee Bakari naye akachomekea: "Ndugu yangu, yale maji nilishamwahidi dada yangu. Nilikuwa nawaza nikujibuje bila kukutukana."

Tukageuza pikapu na mizigo yetu. Tulipokaribia Newala Mama Somoe akasema, "Hata mimi siku ya posa nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nashangaa viatu vyako." Tumeoana miaka arobaini, leo ndiyo nasikia!

Kesho yake akachukua ndoo, akaenda na magoti yake yaleyale. Hilo ndilo lililoniuma, wakuu, kuliko nyumba.

Nikaita fundi wa matangi. Akataja ukubwa, bei na siku za kazi. Mdomo ukaanza kufunguka, "Ila...", Mama Somoe akanifinya mgongoni. Nikasema: nakubali. Fundi akashangaa, amezoea kubishana nami hadi adhuhuri.

Nilichojifunza: ukiipenda ofa, ikubali kama ilivyo, na umjulishe mwenyewe. Ukiongeza kitu chako, ujue umeanza upya na mwenzako hana deni la kukusubiri. Na asiyekujibu hajakubali.

Leo nina mikorosho ekari tisa, nyumba mbili Newala mjini, mashine ya kusaga Nanganga, pikapu moja, mke mmoja, na tangi jipya uani. Ndani yake hakuna hata tone, tunasubiri mvua.

Wanasheria na waliowahi kuponzwa na "ila" yao, karibuni. Matusi tupianeni nyinyi kwa nyinyi, mimi yangu nimeyapata nyumbani.